JE, AKIKA NI UBATIZO WETU? MAELEZO KUHUSU JINA LA MTOTO



Miongoni mwa maswali yanayotufikia darasani karibu kila mwaka ni hili: je, akika ndiyo ubatizo wa Waislamu? Si swali la kushangaza. Sisi wa Mbeya na Iringa tunaishi ukuta kwa ukuta na majirani Wakristo, na wengi wetu tuna wajomba na mashangazi Wamoravian, Walutheri au Wakatoliki. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na tangu hapo jina na ubatizo vimekwenda pamoja masikioni mwa watu. Hata mtaani utasikia fulani "kabatizwa" jina la Chapati, kwa sababu tu anapenda chapati.

Kwa jirani zetu, ubatizo ni ibada ya kumwingiza mtu katika kanisa, na mara nyingi jina hutajwa hapo hapo. Kwetu sisi mtoto huzaliwa katika fitra. Hana dhambi ya kuoshwa wala mlango wa kuingizwa. Akika ni shukrani ya mzazi kwa Mola wake. Mtoto ambaye baba yake hakupata mbuzi ni Mwislamu sawasawa na yule aliyechinjiwa wawili.

Sunna ni kuchinja siku ya saba, kumnyoa mtoto nywele na kumpa jina. Lakini jina halimsubiri mbuzi. Mtume (s.a.w.) alipopata mtoto wa kiume usiku, alimwita Ibrahim usiku ule ule. Mafunzo yanayojulikana ni mbuzi wawili kwa mvulana na mmoja kwa msichana, na imepokewa pia kwamba Mtume aliwachinjia wajukuu wake Hasan na Husein kondoo mmoja mmoja. Kwa hiyo mwenye uwezo wa mmoja asijione mnyonge. Tumeona akika zikicheleweshwa mpaka mtoto anatembea, na kilichokosekana si mbuzi bali turubai, mapambo na muziki!

Sasa tuje kwenye jambo linalogombanisha familia. Bibi kule Tukuyu anataka mjukuu aitwe Atupele. Baba anasema hapana, jina liwe la Kiarabu. Bibi ananuna, na kama ndiye pekee asiye Mwislamu katika nyumba ile, anatoka akiamini kwamba dini ya mwanawe imemkataa yeye na lugha yake. Je, sheria inasemaje?

Umar, Khadija, Hamza na Bilal (r.a.) walikuwa na majina hayo kabla ya Uislamu, na hawakuambiwa wayaache. Kilichoangaliwa ni maana. Mwanamke aliyeitwa kwa maana ya muasi, Mtume alimwita Jamila. Aliyeitwa Barra, yaani mwema, alibadilishiwa ili asijisifu mwenyewe. Majina yaliyofanya watu watumwa wa masanamu yaliondolewa. Basi tupime ya kwetu kwa mizani hiyo. Atupele kwa Kinyakyusa ni "ametupa", na mtoaji ni Mungu. Lusajo ni baraka. Ipyana ni neema. Tulinagwe ni "tuko naye". Kosa liko wapi hapo? Majina yapendezayo zaidi kwa Allah ni Abdullah na Abdurrahman, na tunawahimiza wazazi kuyachagua, pamoja na majina ya Mitume na watu wema. Lakini kupendekeza kilicho bora si kuharamisha kilicho halali. Tunamwona anayeliita Lusajo "jina la kikafiri" kuwa amesema bila elimu.

Penye tatizo ni kwenye Shida, Tabu, Mateso na Sikujua. Haya ni majina ya Kiswahili safi na wamo Waislamu wengi wanaoitwa hivyo. Mama alijifungua katika mwaka mgumu akaandika msiba wake juu ya mtoto. Tusimcheke mama huyo, ila mtoto anastahili jina jema. Yupo sahaba aliyeitwa Hazn, yaani ugumu. Mtume alimpa jina la Sahl, wepesi. Akakataa, akisema hawezi kuacha jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake, mwanachuoni mkubwa Said bin Musayyab, alisema ukali ulibaki katika ukoo wao.

Jina la ukoo halina mjadala. Suratul Ahzab, aya ya 5, inaamuru watu waitwe kwa baba zao, ndiyo maana Zayd alirudishiwa jina la Haritha. Anayesilimu hana haja ya kumfuta Mwakipesile au Sanga, na binti akiolewa hubaki na jina la baba yake. Tazameni jina la marehemu Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Iringa, aliyekuwa Spika wa Bunge hadi mwaka 1994: Adam ni la Nabii, Sapi la baba, Mkwawa la babu aliyepigana na Wajerumani.

Miji nayo hubadilishwa majina. Yathrib ikawa Madina. Neu Langenburg ya Wajerumani leo ni Tukuyu.

Mwisho, jina likishachaguliwa liandikwe. Wanafunzi wetu wapo ambao nyumbani ni Abdurrahman, shuleni Abdul, na kwenye cheti Rahmani, jina ambalo bila "Abdu" ni sifa ya Allah peke yake. Tofauti hizo humsumbua mtoto kwenye mitihani ya taifa na kitambulisho. Mbeya ilianza mwaka 2013 kusajili watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo katika vituo vya afya na ofisi za kata, na Iringa ikafuata. Mzazi aende na jina lililokamilika, la mtoto, la baba na la ukoo, liwe limeandikwa kwenye karatasi herufi kwa herufi, na asome cheti kabla ya kuondoka dirishani.

Wallahu a'lam.