Bunduki ya Upepo katika Hewa ya Eldoret

Sisi wa pwani tunaijua Eldoret kwa wakimbiaji wake. Mji huo uko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Ndiyo sababu mwanariadha hupanda huko kukikomaza kifua chake. Waama, hewa hiyo hiyo humsumbua na mlenga shabaha.

Nilipokuwa huko, kijana mmoja wa kwetu aliye na bunduki ya upepo, yenye leseni, aliniuliza: "Maalim, bunduki hii Malindi ilikuwa ikipiga kati. Hapa haipigi nilipolenga. Darubini imeharibika?"

Haikuharibika. Darubini hukaa juu ya mtutu kwa sentimita nne au tano. Jicho huona kwa mstari ulionyooka, lakini risasi huenda kwa tao: hupanda ikaukata mstari wa jicho, kisha hushuka ikaukata mara ya pili. Kurekebisha darubini ni kuchagua masafa ambapo viwili hivyo vitakutana. Katika darubini nyingi, kila mlio mmoja wa kifundo husogeza pigo milimita saba hivi kwa mita 100. Kwa mita 25 hazifiki hata mbili.

Sasa tutazame hewa. Ya Eldoret ni pungufu ya ile ya pwani kwa kadiri ya sehemu moja katika tano. Risasi haizuiliwi sana njiani, kwa hiyo ingepiga juu kidogo. Lakini bunduki ya springi huisukuma risasi kwa hewa ile ile iliyomo silindani. Hewa ikipungua, na nguvu hupungua, risasi ikatoka kwa mwendo mdogo na kupiga chini. Sababu mbili zinavutana. Siku hizi kuna programu za simu za kupiga hesabu hiyo, lakini hazijui zaidi ya ulivyoziambia.

Dawa ni karatasi. Pima masafa, egemeza bunduki vizuri, piga risasi tano bila kugusa kifundo. Tazama kati ya matundu yote matano, si tundu moja, ndipo usogeze. Kisha piga tano nyingine. Ukibadili aina ya risasi, anza upya.

Kijana akauliza la pili: akimpiga njiwa kichwani barabara, atamla?

Neno bunduki limetoka katika Kiarabu, bunduq, ambalo zamani lilikuwa pia jina la kidonge cha udongo cha kurushia ndege. Wanachuoni wa Kishafii walikijadili kidonge hicho karne nyingi kabla ya darubini. Walisema huua kwa kishindo, hakikati kwa makali; basi mnyama aliyekufa kwacho ni kama aliyepigwa rungu, naye ni haramu kwa Sura ya Maida. Ila akidirikiwa yu hai, akachinjwa. Risasi ya upepo wengi wameipa hukumu hiyo hiyo. Shabaha nzuri haihalalishi nyama.

Wala kiumbe hai hafanywi chombo cha kujifunzia. Ibn Umar aliwapita vijana wa Kikureshi waliomfunga ndege wakimlenga kwa mishale; walipomwona walitawanyika, naye akawaeleza kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, amemlaani afanyaye hivyo.

Kwa hiyo nilimwambia kijana anunue karatasi nyingi, na njiwa awaachie miti yao.