Ungekuwa na Ganji 1997, Ungenunua Hisa za Amazon? Usijibu Haraka

Kila mbogi iko na huyu msee. Mko baze mnapiga stori za kutafuta doh, mara anatoa simu, anawaonyesha bei ya hisa za Amazon, halafu anaanza: "Manze, kama mzae angeweka hata thao kumi hapa 1997, saa hii tungekuwa tunaishi Runda." Wote mnatikisa vichwa. Mkishalainika ndio anatoa form yenyewe: kuna kampuni ya AI iko karibu kuingia soko la hisa Marekani, tuchange pesa ya chama, tuingie mapema kabla wadosi wajue.

Wadosi walijua kitambo, lakini tutafika hapo.

Kwanza turudi kwa hiyo 1997 yake. Hadanganyi kuhusu Amazon, ila ameanzia stori mwisho, akijua nani alishinda. Chukulia wewe ndiye uko Marekani wakati huo, uko na akiba kidogo benki, na kila mtu anaongea intaneti. Unanunua gani?

Tuwe wakweli. Ungenunua Yahoo. Ama Netscape. Hizo ndizo zilikuwa zinawaka. Netscape ilitengeneza programu ya kufungulia tovuti, na ilipouza hisa kwa umma mara ya kwanza, tarehe 9 Agosti 1995, bei ilikuwa dola 28. Jioni ilifunga dola 58.25, na kampuni ilikuwa haijamaliza hata miaka miwili tangu ianzishwe. Yahoo ikaingia Aprili 1996 kwa dola 13, ikafunga siku hiyo dola 33. Amazon nayo, ilipoingia Mei 1997, ilikuwa duka la vitabu linalouza kwa hasara. Waraka wao wa kuuzia hisa ulisema wazi kwamba wanatarajia kuendelea kupata hasara. Mwaka wa 1999 jarida la Barron's liliiita bomu kwenye jalada lake. Google? Haikuwa hata imezaliwa, na ilikuja kuuza hisa kwa umma 2004.

Sasa angalia hizo mbili ungechagua. Microsoft iliweka programu yake ya intaneti bure ndani ya Windows, Netscape ikakosa pumzi, na mwisho wa 1998 ikakubali kununuliwa na AOL. Yahoo iliishi zaidi. Mwaka wa 2008 Microsoft walitaka kuinunua kwa dola bilioni 44.6, wakakataliwa. 2017 biashara yake kuu iliuzwa kwa Verizon kwa karibu dola bilioni 4.5. Ungekuwa umeona mbele kabisa, ukasema intaneti itabadilisha dunia, ukawa sahihi asilimia mia, na bado ungekuwa umeshika hisa zisizofaa.

Halafu kuna hii kitu ya bei, na hapa ndipo wadosi wanaingia. Zile dola 28 za Netscape hazikuwa bei yako. Benki zinazosimamia mauzo ziligawia hisa za bei hiyo mifuko mikubwa ya uwekezaji na wateja wao wa karibu. Msee wa kawaida alisubiri soko lifunguliwe, na Netscape ilifungua kwa dola 71. Kwa hivyo kuna mtu alinunua kwa 71, akafika jioni akiwa na 58.25, siku ambayo watu wengine walikuwa wanafungua shampeni. Na waanzilishi pamoja na wafanyakazi kwa kawaida hufungiwa wasiuze kwa muda, mara nyingi siku 180. Muda ukiisha, hisa zao zinaweza kumwagika sokoni, na anayezinunua ni nani? Ni yule aliyesikia stori juzi.

Hata wale wa kushauri umma walikuwa na mambo yao. Henry Blodget, mchambuzi maarufu wa Merrill Lynch wakati huo, alishtakiwa kwamba alikuwa anasifu hadharani hisa za intaneti ambazo kwa barua pepe za ndani alikuwa anazidharau. 2003 alikubali kulipa dola milioni 4 na kupigwa marufuku ya maisha kwenye biashara ya hisa, bila kukiri kosa.

Sawa, tuseme basi wewe una bahati. Uliruka Yahoo, uliruka Netscape, ukapata hisa 100 za Amazon kwa ile bei ya kwanza kabisa ya dola 18. Umetoa dola 1,800. Kampuni iligawanya hisa zake mara tatu kati ya 1998 na 1999, kwa hivyo 100 zako zikawa 1,200 bila kuongeza hata ndururu. Desemba 1999 kila moja ilikuwa imefika karibu dola 107. Piga hesabu: kama dola 128,000. Umeomoka. Mtaa mzima unakuita sonko.

Kufika mwisho wa Septemba 2001, kila hisa iko chini ya dola 6. Uko na kama dola 7,000.

Cheki hiyo tena. Kutoka 128,000 hadi 7,000 ndani ya miaka miwili, na hakuna mtu amekuibia. Kila wiki unaangalia bei ikishuka, magazeti yanasema kampuni inakufa, bibi anauliza mbona hukuuza tujenge, mathe anahitaji matibabu, kodi haingoji. Yule msee wa baze anakuambia ungeshikilia tu. Hakuambii ungekula nini ukishikilia. Aliyenunua Desemba 1999 kwa hiyo bei ya juu alingoja karibu miaka kumi ndio arudishe pesa yake tu, bila faida. Wewe ungevumilia mpaka leo, baada ya kugawanywa tena 2022 ungekuwa na hisa 24,000, na hata tukihesabu kila moja dola 100 peke yake, hiyo ni mita 2.4 za dola. Pesa ni ya kweli. Watu walioweza kukaa nayo safari yote ndio wachache sana.

Mbona Amazon haikudedi na wenzake? Wengi husema ni akili za Jeff Bezos. Akili zilikuwepo, lakini kumbuka Pets.com, ile kampuni ya kuuza chakula cha mbwa na paka kwa mtandao. Iliuza hisa kwa umma Februari 2000 kwa dola 11 na kufikia Novemba mwaka huo huo ilikuwa imefunga. Mmoja wa wenye hisa wakubwa alikuwa nani? Amazon. Bezos mwenyewe alichomeka hapo.

Kilichookoa Amazon zaidi ni pesa mkononi. Februari 2000 walikopa euro milioni 690 kwa kuuza dhamana Ulaya. Tarehe 10 Machi soko la Nasdaq likafika kilele, pointi 5,048, halafu likaanza kuporomoka hadi 1,114 Oktoba 2002. Lilirudi pale juu 2015. Katika huo mwezi wa Machi 2000, Barron's tena walichapisha hesabu ya kampuni 207 za intaneti, wakaonyesha kwamba 51 kati yazo zingeishiwa na pesa ndani ya miezi 12. Haikuwa siri ya ndani. Mtu yeyote mwenye bei ya jarida angesoma. Amazon, ikiwa na ule mkopo, ilifika mwisho wa 2001 na kupata faida yake ya kwanza ya robo mwaka: dola milioni 5. Kidogo, lakini ilikuwa hai.

Kama unaona hizi ni stori za wazungu, tuko na zetu. 2008 Safaricom iliuza hisa kwa ngovo, yaani bob 5. Watu walipanga laini, wengine wakachukua mkopo benki, na maombi yakawa mengi kuliko hisa hadi mwananchi akapewa kama sehemu moja kwa tano tu ya alichoomba. Bei ikapanda kidogo, halafu mapema 2009 ikashuka chini ya bob 3. Mwenye mkopo alikuwa analipa riba kwa kitu kinachopungua. Aliyetumia pesa yake mwenyewe na akasahau, 2021 aliona bei ikipita bob 40. Hisa ni ile ile, kampuni ni ile ile.

Na Jumia? Hiyo ndiyo ilikuwa "Amazon ya Afrika". Aprili 2019 iliingia soko la New York kwa dola 14.50, wiki chache baadaye ikakaribia dola 50. Machi 2020 ilikuwa chini ya dola 3. Februari 2021 ikapita 60. Mwisho wa 2023 ikawa tena karibu dola 3, na ile Jumia Food uliyokuwa unaitishia chapo na kuku ikafungwa. Wote walionunua waliamini kitu kimoja, kwamba Waafrika watanunua vitu kwa simu. Na si tunanunua? Lakini aliyeingia kwa 60 hawezi kula hiyo imani.

Mimi siko hapa kukwambia usinunue. Hisa za kampuni changa zinaweza kuwa sehemu ndogo ya pesa ambayo ikipotea mtaendelea kula na kulala. Lakini Jumapili chama ikikaa, mwacheni huyo msee amalize kuongea, halafu mumuulize mambo yaliyouawa watu 2000. Kampuni inachoma pesa ngapi kwa mwaka, na iko nayo ya miaka mingapi? Waraka wao wa kuuzia hisa unasema nini? Unasomwa bure kwa tovuti ya SEC, wale wanaosimamia soko la hisa Marekani, na kuna sehemu nzima ya hatari ambayo kampuni inalazimika kuandika. Sisi tutaingia kwa bei gani, ile ya benki ama ile ya asubuhi soko likifunguka? Waanzilishi wataruhusiwa kuuza lini? Na ikishuka kutoka 100 hadi 6, Wanjiru ambaye pesa yake ni ya fees ya Januari atafanya nini?

Akikosa jibu la hilo la mwisho, muagizieni chai mrudi kwa stori za Arsenal.