Baridi Yabisi: Tusiwanyang'anye Wagonjwa Mikono Yao



Katika majumba yetu ya Ibra, Sur na Nizwa, maumivu yote ya viungo tunayaita baridi yabisi, na jina hilo hutufanya tuilaumu baridi ya Januari au kiyoyozi. Ipo aina moja isiyotokana na baridi wala uzee. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na maradhi, hugeuka ikavishambulia viungo. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Vidole vya mikono yote miwili huvimba, na asubuhi hukakamaa kwa saa nzima au zaidi.

Dawa zipo, na lazima zitumiwe. Lakini watu wawili wenye dawa moja huweza kuishi maisha mbali mbali. Sababu moja kubwa ni kama mgonjwa anaamini kwamba anaweza kuyamudu maradhi yake.

Hili limechunguzwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970, muuguzi Kate Lorig wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianzisha mafunzo kwa wagonjwa wa viungo. Ilidhaniwa kuwa atakayefanya mazoezi zaidi ndiye atakayepata nafuu zaidi. Haikuwa hivyo hasa. Waliopata nafuu ni wale waliojiona wana uwezo juu ya hali yao. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1993 yalionyesha kuwa, baada ya miaka minne, maumivu yalipungua kwa wastani wa asilimia 20, na safari za kwenda kwa daktari kwa asilimia 40, ijapokuwa ugonjwa wenyewe uliendelea.

Imani hiyo haiji kwa kuambiwa "jikaze". Albert Bandura, mwanasaikolojia wa chuo hicho hicho, alieleza mwaka 1977 kwamba hujengwa zaidi na jambo ambalo mtu amelifanya mwenyewe akaliweza, hata likiwa dogo. Vile vile humsaidia kumuona mwenzake mwenye maradhi kama yake anaweza.

Sasa tujitizame. Mama akinyoosha mkono kushika dalla la kahawa, watoto huruka: "Mama, acha, pumzika!" Mtumishi hulichukua. Tunafanya hivyo kwa mapenzi, lakini baada ya mwaka mama hajaribu tena hata kufunga vifungo vyake.

Mke wangu anaishi na maradhi haya. Bado anasukuma chapati, lakini nne tu, tena baada ya saa nne asubuhi, vidole vikishalegea kwa maji ya vuguvugu. Binti zetu walipotaka kumkataza, aliwaambia: "Nyinyi mnaninyang'anya mikono yangu kabla maradhi hayajaichukua."

Basi tuwarahisishie kazi, tusiwaondolee. Dalla lijazwe nusu, lishikwe kwa mikono miwili. Kikombe kiwe na mkono mnene. Anayeshindwa kusujudu asali juu ya kiti, sharia imemruhusu.

Kujiamini si ukaidi. Maradhi yakipanda, kupumzika si aibu. Homa, au kiungo kimoja kuwa chekundu na cha moto ghafla, ni jambo la hospitali siku ile ile. Dawa ya methotreksati kwa maradhi haya hutumiwa mara moja kwa wiki, kamwe si kila siku, na haiachwi kwa sababu mtu amejisikia vizuri. Kabla ya Ramadhani, daktari aulizwe kuhusu kufunga na saa za vidonge.

La mwisho linatuhusu sisi khasa. Wazee wetu wengi Kiarabu chao ni cha tabu. Daktari akiuliza, "Maumivu yakoje?", binti hujibu na mama hunyamaza, kana kwamba viungo ni vya binti. Mwache mama aseme kwa Kiswahili chake, wewe tarjimu tu. Nyumbani kabla ya kutoka, muandikieni maswali yake matatu kwenye karatasi, naye aishike mwenyewe.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote. Amin.