HESABU YETU IKO WAPI? Corona ilipita Keko bila daftari

Leo naomba tuziweke kando kidogo zile stori za nani kaachana na nani, tuongee jambo moja ambalo vijana wengi wa Bongo hatutaki hata kulisikia. Ni corona. Najua utasema, "Aah, si ilishapita hiyo?" Ni kweli, imepita. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza mwisho wa hali ya dharura Mei 5, 2023. Lakini deni la sukari halifutiki eti kwa sababu Mangi kafunga duka mapema. Kuna hesabu haijafungwa, na leo naidai.

Kabla hujanirukia, nikwambie kabisa kwamba mimi simo kwenye kundi la wanaodai serikali ilikosea kila kitu. Kigali na Kampala wenzetu walifungiwa ndani tangu Machi 2020, Nairobi wakapigwa marufuku kutoka usiku. Sisi hatukufungiwa, na Keko hii ninayoijua ilishukuru. Fundi makochi wa kando ya barabara ya Chang'ombe asipouza kochi leo, kesho hakuna ugali. Mama ntilie mtaji wake ni ule ule wa jana jioni. Halafu utamfungia wapi mtu wa Magurumbasi? Chumba kimoja watu sita, choo kimoja nyumba nzima! Ungekuwa umemfungia yeye na ugonjwa wake na ndugu zake wote pamoja.

Kwa hiyo ugomvi wangu haupo hapo. Ugomvi wangu ni huu: tulipoachwa tutembee, tulinyang'anywa na tochi.

MWANZO TULIHESABIWA

Wenye kumbukumbu fupi niwakumbushe. Machi 16, 2020, Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza, Mtanzania aliyetoka Ubelgiji na kushukia Uwanja wa KIA. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafunga shule, akazuia mikusanyiko, na ligi ikasimama. Machi 31 ikatangazwa taarifa ya kifo cha kwanza.

Siku hizo taarifa ya wizara ilisubiriwa kijiweni kama matokeo ya Simba na Yanga. Wamefika wangapi? Wamepona wangapi? Dar wapo wangapi? Na bwana, watu walibadilika bila ya kupigwa virungu! Kila mlango wa duka una ndoo ya koki na kipande cha sabuni. Daladala zikawa za kukaa tu, konda anamkataa abiria wa kusimama, maajabu ambayo tangu nizaliwe sikuwahi kuyaona. Wazee wakaacha kupeana mikono, wanagongana viwiko huku wanacheka. Aliyefanya kazi hiyo yote hakuwa polisi. Ilikuwa ni namba. Mtu akijua moto uko nyumba ya tatu, humwambii achote maji.

Aprili 29, 2020 tukaambiwa wagonjwa ni 480 na waliofariki ni 16. Zanzibar wakaongeza za kwao mwanzoni mwa Mei, jumla ikawa wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo kimya. Namba ile ile 509 ikaganda kwenye vitabu vya dunia kwa zaidi ya mwaka mmoja, kama saa ya ukutani iliyokufa betri.

PAPAI LAPIMWA, NCHI YACHEKA

Kilichotokea katikati hakuna asiyekijua. Mei 3, 2020, akiwa Chato, Rais John Magufuli alisema sampuli za papai, mbuzi na kware zilipelekwa kwa siri maabara ya taifa zikiwa zimepewa majina na umri wa watu, na majibu yakarudi kwamba zina corona. Mtaani tulicheka mpaka mbavu zikauma. Muuza matunda akawa anaulizwa, "Hili papai lako limeshapimwa?" Kesho yake mkuu wa maabara akasimamishwa kazi. Siku chache baadaye Dk. John Nkengasong, aliyekuwa bosi wa kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, akajibu kwamba vipimo havikuwa na kasoro.

Nani alikuwa mkweli? Mimi siyo daktari, elimu yangu ni ya sekondari tu, kwa hiyo sijifanyi mjuaji. Lakini tufanye Rais alikuwa sahihi kabisa, kwamba maabara ilikuwa kimeo. Kipimo kile kinatafuta chembe za kirusi, na sampuli inaweza kuchafuliwa hata na glovu za mpimaji. Sawa. Sasa nenda kamuulize fundi yeyote wa Keko: futi yako ikiwa mbovu unafanyaje? Atakujibu ananunua nyingine, au anaazima ya jirani arudie kupima. Hakuna fundi anayetupa futi halafu akaendelea kukata mbao kwa macho! Sisi futi ilitupwa, mbao zikaendelea kukatwa, na mbao zenyewe ni watu.

Ukitaka kuuliza nako ikawa kasheshe. Julai 2020 Kwanza TV ya mtandaoni ilifungiwa miezi 11 na TCRA kwa kurusha tahadhari ya ubalozi wa Marekani kuhusu corona nchini. Mwezi huo huo zikatoka kanuni mpya za mitandao, zikakataza kutangaza habari za mlipuko wa ugonjwa bila ya kibali cha wakubwa. Hata bungeni hali ilikuwa hiyo. Mei 2020 Freeman Mbowe aliwaambia wabunge wa Chadema wakae kando siku 14 baada ya wabunge watatu kufariki ndani ya wiki mbili, bila ya corona kutajwa kuwa chanzo. Spika Job Ndugai akawajia juu, akataka warudishe posho. Basi mtaani tukajifunza: kuhesabu ni uchochezi, kucheka ni ruksa.

"CHANGAMOTO YA UPUMUAJI"

Mapema Juni 2020 Rais alisema corona imeondolewa kwa maombi. Ligi ikarudi, baa zikajaa, barakoa zikageuka matambara ya kufutia pikipiki. Nisiwe mnafiki, raha ilikuwepo, na nchi nyingi walituonea wivu.

Halafu ikaja Januari na Februari 2021. Jamani, Kiswahili chetu kina ufundi! Likazaliwa neno jipya, "changamoto ya upumuaji". Mtu hafi kwa corona, anafariki kwa changamoto, kama vile mapafu yamepewa mtihani wa Form Four yakafeli. Nyumba zilinuka majani ya mwarobaini na mchaichai ya kujifukizia, nyungu inachemka asubuhi na jioni, limao na tangawizi zikapanda bei.

Nyumba ya pili kutoka kwetu alikuwepo mzee mmoja, fundi vitanda, tukimwita Babu. Alianza na mafua, akafukizwa siku tatu, ya nne akapelekwa hospitali anahema kama aliyekimbia. Hakurudi. Msiba ulikuwa wa kawaida kabisa: turubai moja, watu wamebanana kwenye mikeka, kila anayeingia anapeana mikono na wafiwa, pilau sahani moja watu wanne. Kijana wake aliuliza hospitali baba kafa kwa nini, akaambiwa ni nimonia. Ndani ya wiki mbili mjane naye akalala kitandani. Yeye alipona, namshukuru Mungu. Lakini mpaka leo najiuliza: kama tungekuwa tunaambiwa kila jioni, "Temeke leo wamekufa kadhaa", tungekula ile sahani moja?

Wakubwa nao hawakupona. Februari 17, 2021 alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake cha ACT-Wazalendo kilikuwa kimejitokeza mapema kusema ana corona. Siku hiyo hiyo akafariki Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi, na sababu haikutajwa kuwa corona. Maaskofu Katoliki walishatoa waraka wa tahadhari, na mapema Machi katibu wao, Padri Charles Kitima, akasema ndani ya miezi miwili mapadri zaidi ya 25 na masista 60 wamefariki. Umeona? Kanisa lilikuwa na daftari. Serikali haikuwa nalo, au ililifungia kabatini.

Machi 17, 2021 Rais Magufuli mwenyewe akafariki. Serikali ilisema ni maradhi ya moyo. Machi 21 umati ulifurika Uwanja wa Uhuru kumuaga, mwendo wa miguu tu kutoka Keko, na watu 45 wakafa kwa kukanyagana. Hata hao 45 polisi waliwatangaza baada ya wiki nzima kupita. Nchi ilishazoea kuchelewesha hesabu ya maiti.

HESABU YARUDI, WATU HAWAIAMINI

Rais Samia Suluhu Hassan alipoingia, mambo yakageuka. Aprili 6, 2021 alisema ataunda kamati ya wataalamu, na Mei 17 kamati ikamkabidhi ripoti iliyotaka takwimu zitolewe na nchi ijiunge na mpango wa chanjo wa dunia. Julai 24 zikatua dozi 1,058,400 kutoka Marekani, na Julai 28 Mama akachanjwa hadharani Ikulu.

Unadhani vijana tulikimbilia foleni? Thubutu! Bohari ya Dawa ya nchi nzima ipo hapa hapa Keko Mwanga, lakini kijiweni kwetu jamaa waliapa kwamba ukichanja utageuka zombi. Usiwacheke. Januari 2021 walimsikia Rais wa nchi akisema chanjo za kutoka nje hazina uhakika. Miezi sita baadaye wanaambiwa zina uhakika, na Askofu Josephat Gwajima, mbunge wa Kawe, anazipinga madhabahuni mpaka Bunge likamsimamisha mikutano miwili. Mtu asiyepewa hesabu mwaka mzima, siku ukimpa anadhani unamuuzia kitu.

Leo vitabu vya WHO vinasema Tanzania tulipoteza watu wasiozidi 900. Sawa, lakini daftari hilo lina kurasa za mwaka mzima zilizochanwa, zikiwemo za Babu wetu. Cha ajabu, fedha za Uviko zilihesabiwa vizuri sana! Sh1.3 trilioni za IMF, madarasa 15,000, unaonyeshwa jengo kwa jengo. Yaani matofali tumeyahesabu, watu tukashindwa?

INAWEZEKANA KUHESABU

Usidanganyike kwamba muda umepita. WHO ilikokotoa kwamba mwaka 2020 na 2021 corona iliondoka na watu wapatao milioni 14.9 duniani, kwa njia yake au kwa kuvuruga huduma, wakati serikali zilikuwa zimeripoti milioni 5.4 tu. Walifanyaje? Wanatazama miaka ya kawaida hufa watu wangapi, halafu wanaangalia walizidi wangapi. Sisi vibali vya kuzika vipo, vitabu vya wodini vipo, RITA wanaandikisha vifo. Ofisi ya serikali ya mtaa inajua Januari 2020 ilizika wangapi na Januari 2021 wangapi. Vikusanywe, vitangazwe.

Na tumeshaonyesha kwamba tunaweza. Machi 21, 2023 serikali ilitangaza yenyewe Marburg kule Kagera, ikataja waliokufa, na ndani ya miezi mitatu mlipuko ukaisha. Januari 2025 kidogo turudi kule kule, wizara ikakanusha kwanza, lakini Januari 20 Rais akasimama na bosi wa WHO Dodoma akathibitisha. Dunia haikupasuka. Watalii hawakukimbia. Watu wa Biharamulo walijua wakae mbali na nini.

Kwa hiyo msomaji wangu, safari ijayo usikubali kuchekeshwa na papai. Cheka, halafu uliza: leo wamekufa wangapi, na wapi? Siyo siasa hiyo, wala siyo uchochezi. Mangi wa mtaani kwetu anajua mpaka nusu kilo ya sukari unayodaiwa tangu mwezi jana. Babu wa Keko hawezi kuwa na thamani ndogo kuliko sukari.

Haya, tukutane wiki ijayo. Nawa mikono!