Kompyuta ya dukani ikianza "kukagua diski" asubuhi: okoa daftari kwanza, matengenezo baadaye



Huku kwetu ziwani mvua haituonei aibu. Machi hadi Mei inanyesha, Oktoba hadi Desemba inanyesha tena, na radi zake. Umeme ukikatika hauagi. Asubuhi unawasha kompyuta ya steshenari au ya duka, badala ya kufunguka inaleta kioo cheusi na maneno "Scanning and repairing drive", asilimia zinatembea kama konokono. Mteja anasubiri fotokopi. Hapo wengi tunakurupuka, na ndipo hasara inapoanzia.

Kwanza tuelewe kinachotokea. Diski ni kama stoo, na ndani yake kuna daftari linaloonyesha kila faili limewekwa rafu gani. Umeme ukikatika wakati kompyuta inaandika, daftari linasema hivi na stoo inasema vile. Ukiwasha, inaona haikufungwa vizuri, inaanza kuhesabu upya. Windows inaita kazi hiyo chkdsk, Ubuntu na ndugu zake wanaita fsck.

Sasa shika hili. Mifumo ya siku hizi ina kumbukumbu ya pembeni ya kazi iliyokuwa inaendelea, kwa hiyo umeme ukikatika mara moja, kwa kawaida inajirekebisha yenyewe haraka. Ukaguzi ukitokea mara moja baada ya umeme kukatika, tulia. Ukitokea kila asubuhi hata kama umeme haukukatika, shuku diski yenyewe. Inawezekana inakufa, na dawa yake siyo kuiwasha na kuizima.

Fanya hivi kwa mpangilio:

1. Sikiliza. Diski ikitoa sauti ya kugonga, ta-ta-ta, zima na usiwashe tena. Kila ukiwasha unaimaliza. Kama ndani kuna vitu muhimu, tafuta fundi wa kuokoa data.

2. Kama haina sauti mbaya, subiri. Ujumbe ukikwambia bonyeza kitufe kuruka ukaguzi, unazo sekunde chache tu, ukitaka bonyeza hapo. Ukaguzi ukishaanza, waitu, usichomoe waya! Diski kubwa ya zamani inaweza kuchukua saa nyingi. Angalia taa ya diski: ikiwa inapepesa, kazi inaendelea.

3. Ikifunguka, usianze kuuza. Nakili kwanza. Madeni ya wateja, hesabu ya stoo, mauzo, kazi za watu, vyote viende kwenye flashi au diski ya nje. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka 5. Siku ukiulizwa, "kompyuta iliharibika" siyo daftari.

4. Isipofunguka, data bado inaweza kuwa salama. Fundi atoe diski, aiunganishe kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa USB. Windows ya kompyuta ile inaweza kuuliza kama irekebishe diski. Jibu hapana kwanza, nakili mafaili, ndipo urekebishe. Njia nyingine ni kuwasha kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu bila kuisimika, ukanakili kutokea hapo.

5. Ukishanakili, pima afya ya diski. Programu ya bure CrystalDiskInfo inaonyesha hali: buluu ni nzuri, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Ikiwa njano au nyekundu, nunua diski nyingine. Usipoteze muda kukarabati.

6. Diski ikiwa nzima, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika chkdsk C: /f, kubali kwa Y, kisha uwashe upya. Ile ya /r inapekua diski nzima kutafuta sehemu mbovu, inaikamua sana. Usiitumie kabla ya kunakili.

7. Wa Ubuntu: ikikuacha kwenye kioo chenye neno initramfs, soma jina la sehemu yenye tatizo, kisha andika fsck -y na jina hilo, mfano fsck -y /dev/sda2. Jina liwe lile uliloliona kwenye kioo chako, usinakili la kwangu. Ikimaliza, andika reboot.

Kabla hujatupa diski, angalia vitu viwili vya bei ndogo. Cha kwanza ni waya wa diski ndani ya sistimu yuniti, ukilegea unaleta makosa yaleyale. Cha pili ni betri ya saa, ile ya duara CR2032. Kompyuta nyingi za mtumba betri imekwisha, kila ukiwasha tarehe inarudi miaka ya nyuma. Ubuntu ikiona diski ilitumika "kesho" wakati saa inasema ni miaka iliyopita, inaweza kulalamika na kuanza kukagua. Badilisha betri, rekebisha tarehe, uone.

Baada ya ukaguzi, kama kuna faili halionekani, usilie bado. Kwenye Windows tafuta folda ya FOUND.000, imefichwa. Kwenye Ubuntu angalia lost+found. Vipande vilivyookotwa vinawekwa huko, ingawa majina yao ya zamani mara nyingi yanapotea.

Na fundi akikwambia "tuiformati tu, itakuwa mpya", muulize swali moja: mafaili yangu umeshayatoa? Kama bado, mwambie asubiri. Kuformati kunakupa stoo safi na tupu. Windows inapatikana tena popote. Orodha ya waliokukopa haipatikani popote.

Kinga ni ndogo. Kila Jumamosi jioni nakili daftari kwenye flashi, nayo ilale nyumbani, siyo dukani. UPS ikikupa dakika chache, tumia kuhifadhi na kuzima vizuri, siyo kumalizia kazi. Radi ikianza kunguruma, zima kompyuta na uchomoe kwenye soketi.

Kazi njema.