Kuku Anayefundisha Tebo ya Saba

Yai la kuku huanguliwa baada ya siku 21 hivi. La bata wa kawaida huchukua siku 28, na la yule bata mwenye vinundu vyekundu usoni, siku 35. Mwalimu akiziandika namba hizo ubaoni amekwisha kuandika kipande cha tebo ya saba, na wanafunzi wake wanaweza kuihakiki uani kwao.

Katika kata ya Makere wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, na hata wilaya ya Kibondo, watu hulima maharage, mahindi na mihogo, wakafuga kuku na mbuzi. Mtoto wa huko huanza shule akiwa amekwisha kuhesabu vifaranga jioni, akajua nani hajarudi. Ni hasara kubwa ujuzi huo ukiachwa mlangoni mwa darasa.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Jerome Bruner, alieleza mwaka 1966 kwamba mtoto hulielewa jambo kwa kutenda, kisha kwa picha, ndipo kwa alama. Walimu wa Tanzania huitumia njia hiyo kwa visoda, vijiti, kokoto na mbegu za maharage, hasa katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, zile KKK za madarasa ya mwanzo. Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mpango wa EQUIP-Tanzania, ulioanza mwaka 2014 na kuwapa walimu mafunzo wakiwa kazini. Lakini visoda huwekwa kando mapema mno, mara nyingi kabla mtoto hajakutana na sehemu na maumbo, mahali anapovihitaji zaidi.

Mnyama huongeza kitu ambacho kisoda hakina: matokeo ya kusubiriwa. Tuseme kuku wa shule anaatamia mayai 12, kila kikundi kimetia alama ya penseli kwenye yai lake. Siku ya saba, kuku akishuka kwenda kula, mayai yanapelekwa upesi chumba chenye giza na kumulikwa kwa tochi ya simu. Lenye uhai huonyesha mishipa myekundu iliyotanda kama utando wa buibui. Lisilo na mbegu hubaki jeupe. Yakipatikana matatu matupu, darasa limeiona robo kwa macho, na robo tatu imerudi kiotani kuendelea kupata joto. Mikono ioshwe kwa sabuni, kwa kuwa kuku na mayai hubeba vimelea vya maradhi. Kisha kila kikundi kiandike daftarini kilichoonekana. Uandishi wa namna hiyo, siku baada ya siku, umefanyika katika hifadhi ya Gombe, mkoani humohumo Kigoma, tangu Jane Goodall alipofika kuchunguza sokwe mtu Julai 1960.

Kibondo ni nchi ya mizinga ya nyuki, na sega ni somo zima la maumbo. Weka kisoda kimoja mezani, ukizungushie vingine vya ukubwa uleule mpaka vibanane: vitaingia sita kamili. Ukiziba nafasi kati yake kwa mistari iliyonyooka, unapata pembesita za sega. Pembe tatu za nyuzi 120 zikikutana hutimiza 360, hakuna pengo. Kwamba umbo hilo hugawa eneo katika vyumba vilivyo sawa kwa kuta fupi kuliko maumbo mengine yote ilidhaniwa tangu zamani, lakini uthibitisho kamili ulitolewa na Thomas Hales mwaka 1999 tu.

Nyuki wenyewe wana hesabu yao. Mwaka 2018 watafiti wa Australia na Ufaransa waliwazoeza kuchagua picha yenye alama chache zaidi. Walipowekewa picha isiyo na alama yoyote, wengi waliichagua hiyo, hata pale ya pili ilipokuwa na alama moja tu. Picha hiyo tupu ni sifuri, namba inayowasumbua watoto wengi wa Darasa la Kwanza. Kadi za nukta hukatwa kwenye boksi kuukuu, zikachorwa kwa mkaa, na wanafunzi wa Makere wanaweza kupewa jaribio lilelile walilopewa nyuki.