Uingereza: Kwa nini watu wenye ulemavu wa akili wanawafundisha wahudumu wa afya

Tangu tarehe 1 Julai 2022, sheria inayotumika England inazitaka hospitali, nyumba za matunzo na watoa huduma wengine waliosajiliwa kuhakikisha kwamba wafanyakazi wao wanapata mafunzo kuhusu ulemavu wa akili na usonji, kila mmoja kwa kadiri ya kazi yake. Agizo hilo linamhusu daktari na muuguzi, na linamgusa pia karani wa mapokezi.

Mafunzo yanayopendekezwa na serikali yamepewa jina la Oliver McGowan, kijana aliyefariki dunia mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 18.

Kilichomsibu Oliver

Oliver alikuwa na ulemavu mdogo wa akili, usonji na kifafa. Alipolazwa katika hospitali ya Southmead mjini Bristol kwa sababu ya kifafa, yeye na wazazi wake waliomba asipewe dawa za kutibu magonjwa ya akili, kwa kuwa zilikwisha kumdhuru hapo awali. Hata hivyo alipewa olanzapine, ambayo ni dawa ya kundi hilohilo. Joto la mwili wake lilipanda mno, ubongo ukavimba, na tarehe 11 Novemba akafariki.

Mwaka 2018, afisa wa mahakama anayechunguza vifo alisema kuwa dawa hiyo ilitolewa ipasavyo. Mapitio huru yaliyotangazwa mwaka 2020 yalifikia uamuzi tofauti: kwamba huenda kifo hicho kingeweza kuepukwa. Mama yake, Paula McGowan, ndiye aliyeongoza kampeni iliyozaa takwa hili la kisheria.

Ulemavu na ugonjwa ni mambo mawili

Mtu mwenye ulemavu wa akili huhitaji muda na msaada zaidi ili kuelewa mambo mapya au kujieleza. Hali hiyo huanza utotoni na hudumu maisha yote. Ugonjwa wa akili ni jambo jingine: unaweza kumpata mtu yeyote, katika umri wowote, na mara nyingi hutibika. Mhudumu asiyetofautisha mambo hayo mawili anaweza kuuona woga au kelele za mgonjwa kuwa ni wazimu, kisha akamtuliza kwa dawa asiyoihitaji.

Lipo pia kosa la kudhani kwamba kila dalili inatokana na ulemavu. Mtu asiyeweza kusema kuwa jino linamuuma huenda akakataa chakula au akajipiga kichwa. Anayemhudumia akisema, "Ndivyo alivyo," maumivu hayatafutwi chanzo chake.

Athari zake ni nzito. Mapitio ya vifo yanayofanywa England yanaonyesha kuwa watu wenye ulemavu wa akili hufa takriban miaka 20 mapema kuliko watu wengine, na kwamba karibu vifo 4 kati ya 10 vingeweza kuepukwa. Katika jamii kwa jumla, idadi hiyo ni karibu 2 kati ya 10.

Mafunzo yanavyoendeshwa

Wote huanza na somo la kwenye mtandao la takriban dakika 90. Wale ambao kazi yao inahitaji uelewa wa jumla tu huendelea na kipindi cha saa moja cha mazungumzo ya moja kwa moja. Wenye jukumu la kutoa huduma na kufanya maamuzi hukutana ana kwa ana kwa siku nzima.

Katika hatua hiyo ya pili, mtu mwenye ulemavu wa akili na mwenye usonji huwa miongoni mwa wakufunzi, na hulipwa kwa kazi hiyo. Mhudumu humsikia mwenyewe akieleza namna taa kali, kelele za wodi au maswali ya harakaharaka yanavyomtatiza. Hujifunza kutumia sentensi fupi, kusubiri jibu, na kumuuliza mzazi au mlezi jinsi mgonjwa anavyoonyesha maumivu.

Wahudumu wengi wa nyumba za matunzo nchini humo wametoka ng'ambo, zikiwemo Nigeria na Zimbabwe, nao pia wanahusika na sheria hii.

Bado kuna kazi. Siku moja ya mafunzo huhitaji mtu wa kushika zamu ya aliyeondoka, na sekta ya matunzo ina upungufu wa wafanyakazi. Aidha, takwa hili haliwahusu watoa huduma wa Scotland, Wales wala Ireland ya Kaskazini.